Bua Refu Lililowahi

Jumamosi ya mwisho ya Machi, saa moja asubuhi, nilikuwa shambani kwa shangazi yangu upande wa Mvumi, Dodoma, daftari mkononi, nikipita mstari kwa mstari kuhesabu mtama. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Nilipofika ukingoni, hatua chache kutoka kwenye dungu la kuamia ndege, nikakuta bua moja limenizidi kimo kwa zaidi ya mkono mzima, na suke lake limekwisha kuliwa.

Mabua mengine marefu yalikuwa ndiyo kwanza yanachanua. Mengine suke lilikuwa bado limo ndani ya ala, halijachungulia. Hili moja lilikuwa limechanua, limezaa, limekomaa na limeporwa.

Nililivuta chini taratibu. Vitawi vya juu vilikuwa vitupu, yamebaki makapi yaliyopasuliwa na midomo ya ndege. Chini kabisa, pale suke linapoanzia, jani la juu lilikuwa limejikunja na kuvificha vitawi viwili. Nikavipukuchulia kiganjani. Punje 23, nyeupe, ngumu, mbili kati yake zina tundu la mdudu.

Nikakaa chini palepale, kwenye unyevu.

## Maneno ya shangazi

Mtama wa shangazi ni ule wa kienyeji, mrefu, unaosubiri mvua ianze kuaga ndipo uchanue. Mvua ikikatika mapema, na mnajua mvua yetu, suke linabaki makapi. Mbegu fupi za mapema kama Macia, iliyoruhusiwa kutumika nchini mwaka 1999, humaliza kazi yake mapema na unga wake ni mweupe. Ila bua lake ni fupi, na kwa shangazi bua ni nusu ya mavuno. Ni chakula cha ng'ombe mwezi wa Septemba, ni uzio, ni kuni.

Nikamwahidi mtama mrefu unaowahi. Mimi ni mwalimu wa bailojia, na nilidhani kazi yote ni kuwaoanisha wawili kisha kuchagua katika wajukuu.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mrefu hawahi. Anayewahi si mrefu. Mimi sijaona, na mama yangu hakuona."

Nilimheshimu. Sikumwamini.

Shida ilianza kwenye harusi yenyewe. Utamchavushaje anayechanua Februari kwa chavua ya anayechanua Aprili? Ilinibidi nipande mbegu fupi kwa mafungu, kila fungu baada ya wiki mbili, ili fungu mojawapo likutane na ule mrefu. Kisha ikaja sindano. Ua la mtama ni dogo sana, na ndani yake mna vifuko vitatu vya chavua ambavyo lazima uvitoe jioni, kabla havijapasuka alfajiri ya kesho yake. Ukikiacha kimoja, ua litajichavusha lenyewe. Nilisafisha maua kama sitini, nikakata yaliyobaki, nikafunika suke kwa mfuko wa kaki, na siku zilizofuata nikalikung'utia chavua ya mrefu asubuhi jua likichomoza. Nilipata punje 19.

Nilichagua mfupi awe mama kwa makusudi. Urefu hutawala ufupi, na kuchelewa hutawala kuwahi: vikikutana katika mmea mmoja, kinachoonekana ni urefu na kuchelewa. Kwa hiyo mtoto akitoka mfupi, nimekosea, amejichavusha. Akitoka mrefu na kuchelewa, ni chotara kweli. Walitoka warefu saba. Nikawafunika wajichavushe, na mbegu zao ndizo zilizokuwa shambani ile Jumamosi.

## Kumi na sita

Kila mwaka huandika ubaoni 9:3:3:1, na wanafunzi huinakili kama sala. Sifa mbili, kila moja inarithiwa kwa njia yake bila kujali mwenzake. Katika wajukuu 16 tegemea 9 wenye sifa tawala zote mbili, 3 na 3 wenye moja moja, na 1 asiye na hata moja. Kwa shamba langu maana yake ni kwamba kati ya mimea 16, mitatu ingekuwa mirefu ya mapema.

Niliihesabu yote. Mpaka wa urefu ulikuwa utosi wangu. Jumla ni mimea 148, kwa hiyo mirefu ya mapema ingepaswa kuwa kama 28.

Mirefu ya kuchelewa: 108.

Mifupi ya mapema: 33.

Mifupi ya kuchelewa: 6.

Mirefu ya mapema: 1. Lile bua la ukingoni.

Sifa zilikuwa zimekuja shambani kama zilivyoingia, kwa jozi za babu na bibi. Shangazi alikuwa karibu kuwa na haki kabisa.

## Njegere zilizokataa

Jioni ile nilirudi mjini nikatafuta hesabu ambazo nilizisoma chuo nikazisahau. Mwaka 1905 kule Cambridge, William Bateson, Edith Saunders na Reginald Punnett walikuwa wakioanisha njegere za maua, zile za bustanini zenye harufu nzuri. Mzazi mmoja alikuwa na maua ya zambarau na chembe ndefu za chavua, mwingine maua mekundu na chembe za mviringo. Katika hesabu zao za wajukuu 6952, zambarau wenye chembe ndefu walikuwa 4831, na wekundu wenye chembe za mviringo 1338. Wale wa kuchanganya walikuwa 390 upande mmoja na 393 upande wa pili, ilhali kila upande ulipaswa kuwa na kama 1303.

Waliona wazi kwamba sifa zimeshikana. Hawakujua zimeshikwa na nini.

Jibu lilitoka kwa inzi wa matunda kule New York. Mwaka 1911 Thomas Hunt Morgan alieleza kwamba jeni, yaani vibeba sifa, zilizo kwenye kromosomu moja, uzi uliopangwa jeni nyingi, husafiri pamoja, na kwamba zinaweza kuachana kwa sababu kromosomu za jozi hubadilishana vipande pale mbegu za uzazi zinapoundwa. Mwanafunzi wake Alfred Sturtevant, ambaye hata shahada ya kwanza alikuwa hajamaliza, alichukua hesabu nyumbani, akaacha kazi zake za masomo, na alfajiri akawa na ramani ya kwanza ya kromosomu duniani. Aliichapisha mwaka 1913. Wazo lake ni jepesi kiasi cha kunitia wivu: jeni zinazoachana mara nyingi ziko mbali, zinazoachana kwa nadra ziko jirani. Kuachana kukawa futi ya kupimia.

## Kamba mbili

Darasani nimekuwa nikilieleza jambo hili kwa mchoro wa herufi X, na macho ya wanafunzi huzimika. Mwaka huu nilikuja na kamba mbili za katani, za kufungia mbuzi, mfano wa jozi ya kromosomu, moja nimeitia rangi nyekundu. Kila moja ina mafundo mawili, fundo la kimo na fundo la kuchanua, na mafundo hayo yako karibu, upana wa kiganja. Nikamfumba macho mwanafunzi mmoja na kumpa kisu. Azilaze kamba sambamba, akate zote mbili mahali pamoja popote apendapo, kisha aunge kichwa cha nyekundu na mkia wa nyeupe.

Mara nyingi kisu kilipita mbali na mafundo. Kamba zilibadilishana vipande kweli, lakini mafundo mawili ya nyekundu yalibaki pamoja, na ya nyeupe pamoja. Ilichukua makato mengi, na kamba nyingi, hadi kisu kikaingia katikati ya mafundo.

Msichana wa kiti cha nyuma akauliza: "Mwalimu, na kama ni fundo moja?"

Kengele ililia. Sikumjibu, na sikulala vizuri.

## Kimoja au viwili

Maana swali lake ndilo swali la shangazi kwa maneno mengine.

Katika mtama kuna jeni kubwa inayoamua muda wa kuchanua, wataalamu huiita Ma1, na jeni ya kimo iitwayo Dw2. Zote ziko kwenye kromosomu ya 6, kati ya 10 alizonazo mtama kwa hesabu ya jozi. Ni majirani. Hapo mafundo ni mawili, na kisu kinaweza kupita katikati.

Lakini kuna njia nyingine ya kufika palepale. Mtama unaochelewa kuchanua huendelea kutoa majani na pingili, na kila pingili huongeza kimo. Hapo kuchelewa kwenyewe ndiko kunakourefusha mmea. Fundo ni moja lenye kazi mbili, na ukate kamba mara elfu hutalitenganisha. Shangazi alikuwa akisema hivi, bila kutaja jeni yoyote: urefu ni matunda ya kukaa sana.

Kwa macho ya mtu aliye shambani, hali hizi mbili hufanana. Mrefu anachelewa, mfupi anawahi, basi.

Nilikaa na jambo hili wiki tatu. Kinachouma ni kwamba kutoona hakuthibitishi kitu. Tuseme mafundo yako karibu kiasi kwamba kisu hupita katikati mara moja katika 100. Ukikagua mbegu za uzazi 300, bado kuna nafasi kama 5 katika 100 kwamba hutaona hata moja iliyoachana. Utarudi nyumbani ukisema ni kitu kimoja, na utakuwa umekosea. Anayesema "hazitengani" anatakiwa kuhesabu milele. Anayesema "zinatengana" anahitaji mmea mmoja tu.

Mmoja, ila wa kweli.

Na mimi nilikuwa na mmoja. Je, ulikuwa wa kweli? Palipo na dungu palikuwa na kichuguu miaka ya nyuma, na udongo wa kichuguu hurefusha chochote. Tena punje inaweza kudondoka kutoka msimu uliopita, na chavua ya jirani inaweza kuingia, maana mtama hujichavusha kwa kawaida lakini hauapi. Mmea mmoja ulioliwa na ndege, na mimi naujengea nyumba.

Ugumu huu si wa shamba langu pekee. Kuanzia mwaka 1963 Wamarekani walikuwa na mradi mkubwa kule Texas wa kuchukua mitama mirefu ya tropiki, mingi ya Afrika, na kuigeuza mifupi ya mapema. Waliioanisha Puerto Rico, ambako siku ni fupi na mtama unakubali kuchanua, wakachagua uzao Texas. Kwa sababu jeni ya kimo na ya kuchanua ni majirani kwenye kromosomu ya 6, walipovuta waliyoitaka, kipande kikubwa cha kromosomu hiyo kilifuata. Kwenye nyanya mambo yaliwahi kuwa mazito zaidi. Mwaka 1989 watafiti walipima vipande vilivyobaki baada ya kuingiza jeni ya kinga dhidi ya virusi kutoka nyanya pori. Aina moja ilikuwa imerudishwa kwa mzazi wa nyumbani mara 11, vizazi 11 vya uvumilivu, na bado mkono mzima wa kromosomu ya porini ulikuwa umening'inia kwenye jeni ile moja.

Nikifikiria watu waliochavusha kwa mikono yao vizazi 11 wakiamini wamesafisha, moyo hunilegea kwa huruma.

## Sita kwa moja

Kitu kilichonifungua macho kilikuwa kwenye daftari langu muda wote.

Rudi kwenye njegere: 390 na 393. Karibu sawasawa, na haiwezi kuwa vingine. Kila kisu kinapopita kati ya mafundo huzaa kamba mbili kwa wakati mmoja, moja ya mchanganyiko huu na moja ya mchanganyiko ule. Hesabu zao lazima zikaribiane.

Zangu zilikuwa sita kwa moja.

Kama mifupi ya kuchelewa ni 6, mirefu ya mapema ingekuwa sita, saba, nne. Kupata moja kunawezekana kwa bahati mbaya tu, lakini kulinikera. Wengine wako wapi?

Mwezi Mei nilirudi Mvumi. Shangazi alikuwa anapepeta. Tukasalimiana, nikakaa, nikamweleza habari ya sita na moja kama nilivyowaeleza ninyi, kwa punje za mtama juu ya ungo.

Aliziangalia punje muda mrefu.

"Yale yaliyoliwa nilikata," akasema.

"Yapi, shangazi?"

"Marefu yaliyoliwa mwanzo na ndege. Bua limeshaliwa suke, bado bichi, litafanya nini pale? Nikampa ndama."

"Yalikuwa mangapi?"

"Manne. Labda matano. Hilo la kwenye dungu nililiacha kwa sababu nafungia kamba ya makopo."

Kisha akaongeza, akirudi kwenye ungo wake: "Anayewahi peke yake ni wa ndege. Siku zote."

Nilinyamaza. Nilikumbuka ziara yangu ya Februari, nilipokuja na mifuko ya kaki. Nilifunika masuke ya mifupi ya mapema, yote, kwa sababu ndiyo niliyoitarajia kuchanua kwanza na ndiyo mkono wangu ungeyafikia. Mirefu niliiacha wazi, nikasema zamu yao ni mwezi ujao. Nililinda nilichokuwa nakijua tayari. Nilichokuwa nakitafuta nilikiacha kwa kweleakwelea.

Tangu siku hiyo nafikiria mashamba ya kwetu tofauti. Huenda mtama mrefu wa mapema umezaliwa Ugogo mara nyingi, kila mahali ambapo mtama mfupi na mrefu walichavushana mpakani mwa mashamba ya majirani. Kila ulipozaliwa ulikuwa peke yake, suke moja lililoiva katikati ya shamba la kijani, na kundi la ndege likashuka. Mama yake shangazi hakuuona, na alisema kweli. Kamba ilikatika katikati ya mafundo. Mbegu yake ndiyo haikufika ghalani.

Sifa mbili zinazotembea pamoja zinaweza kuwa jirani kwenye kromosomu. Zinaweza kuwa kazi mbili za jeni moja. Na zinaweza kuwa zimeachana, na walioachana wakaliwa. Hii ya tatu sikuwahi kuiandika ubaoni.

## Ndoo ya tisa

Zile punje 23 nilizigawa. Mbili za tundu niliziweka kando. Mwanzoni mwa Aprili nilipanda nane kwenye ndoo nyuma ya nyumba, mjini, kwa maji ya kununua, kwa sababu sikuweza kungoja. Hoja yangu ilikuwa hii: kama bua lile lilikuwa na kamba moja iliyoachana na moja ya kawaida ya mfupi, basi watoto wake wote watawahi, na robo watakuwa wafupi. Kama ilikuwa kichuguu tu kilichourefusha mfupi wa mapema, wote watakuwa wafupi.

Ziliota sita. Nne zikapanda juu ya ukuta wa uani. Mbili zikabaki chini ya kifua changu.

Nne ndefu! Kichuguu kikaondoka kwenye hesabu. Na zote sita zikachanua mapema, karibu kwa pamoja. Nilipiga picha. Nilikaribia kumpigia shangazi simu.

Ila kulikuwa na ndoo ya tisa. Nilikuwa nimepanda humo mtama wa kienyeji wa shangazi, kwa ajili ya kulinganisha kimo tu. Asubuhi moja nikatoka na maji nikakuta nao umechanua, siku chache tu baada ya wale sita. Mtama wa kuchelewa, umewahi.

Nilisimama na kopo la maji mkononi hadi nikaelewa. Jeni ya kuchelewesha hufanya kazi yake siku zikiwa ndefu. Sisi tunaona mchana wa Dodoma ni uleule mwaka mzima, lakini Juni na Desemba vinapishana kama dakika 40, na mtama wa aina hii unazihesabu. Nilikuwa nimepanda Aprili, siku zikifupika. Kila mtama, wenye jeni ile na usio nayo, ulikuwa huru kuchanua. Kipimo changu cha kuwahi hakikupima kitu. Watu wa Texas walikwenda Puerto Rico kutafuta hali hiyohiyo, mimi niliitengeneza uani kwangu na kuisahau.

Urefu nimeuthibitisha. Kuwahi bado. Zimebaki punje 13, kwenye chupa ya dawa iliyooshwa, pamoja na majivu kidogo, juu ya kabati.

Zitapandwa Desemba, siku zikiwa ndefu, pamoja na mstari wa kienyeji na mstari wa mfupi kila upande. Shangazi amekataa ziende shambani. Amesema zitakaa nyuma ya jiko lake, ambako yeye mwenyewe yupo kutwa, na ameanza kushona vifuko vya masuke kwa kanga kuukuu. Juzi alinipigia kuniambia ameshamaliza saba.

Kabla ya kukata simu akauliza kama huku mjini naweza kuazima ngazi.